Maji Yaliyobakia

Somo la kusomwa nyumbani na katika jumuiya. Yasomwe kwanza: Ezekieli 34:17–22, Kutoka 21:33–34, Mithali 27:14.



Somo letu la mara hii halihusu uzinzi, wala ulevi, wala uchawi, mambo ambayo mmekwisha kuhubiriwa sana na hamtakosa kuhubiriwa tena. Lahusu mambo madogo madogo. Siri za kitubio zajulikana na Mungu na padre tu, lakini twadhani si wengi waliopata kupiga magoti wakasema, "Padre, nimemwaga maji ya kufulia njiani kwa watu," au, "Nimefungulia redio mpaka saa saba ya usiku, na jirani ana mtoto mchanga." Mambo ya namna hiyo hatuyahesabu kuwa dhambi. Twayaita mazoea. Na yule aumiaye kwayo akilalamika, twamwita mwenye makuu, mtu asiyeweza kukaa na watu.

Hatutayanakili hapa maneno ya Maandiko tuliyoyataja, kwa kuwa twataka kila jamaa wafungue Biblia yao wenyewe wayasome kwa sauti, watoto wakisikia. Kisha mrudi hapa.

Sisi tukaao Makorora twajua nyumba zetu zilivyo. Ukiingia kwa mlango wa mbele wakutana na ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na mwisho wa ukumbi ni uani, ambako kuna jiko, choo, bafu, kamba za kuanikia nguo, na bomba kama nyumba ina bahati ya bomba. Katika kila chumba huenda wakakaa mume na mke na watoto wao, na pengine shangazi aliyekuja kwa matibabu akakaa mwaka. Chumba ni chako na ufunguo ni wako. Lakini ukumbi si wako, na choo si chako, wala mita ya umeme iliyo ukutani si yako peke yako. Ni vya wote. Na hapo ndipo Ukristo wetu hupimwa kila siku, tangu mtu anapoamka akatafuta kandambili zake, kuliko unavyopimwa kanisani, mahali ambapo sote tumevaa nguo safi na tunakaa saa mbili tu.

Tuanze na choo, tusione haya, maana hata Torati haikuona haya kulitaja jambo hilo. Katika Kumbukumbu la Torati 23:12–13 watu wameagizwa wachukue kijiti cha kuchimbia na wafukie uchafu wao nje ya kambi. Mtu aingiaye chooni asubuhi akakuta ndoo ni tupu na sakafu imechafuliwa, amekwisha kujua aliyemtangulia ni mtu wa namna gani, hata kama hamjui kwa jina. Na yule aliyetangulia yuko wapi? Amekwisha kuoga, amevaa, amekwenda zake kazini, pengine njiani anaimba wimbo wa kwaya. Hakumchukia mtu. Hakumfikiria mtu tu.

Sasa tumsikilize nabii. Ezekieli alikuwa kuhani, naye alichukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo, akakaa Babeli kando ya mto Kebari, kati ya watu waliopoteza nyumba zao na kulazimika kuanza maisha ugenini. Sura yake ya 34 ni mashuhuri kwa ajili ya wachungaji wabaya, wale waliojilisha wenyewe wakawaacha kondoo watawanyike. Sehemu hiyo twaipenda sana. Twaisoma huku tukimfikiria kiongozi fulani, na vichwa vyatikisika kwa kukubali. Lakini mstari wa 17 ukifika nabii awaacha wachungaji, awageukia kondoo wenyewe. Asema kwamba Mungu atahukumu kati ya kondoo na kondoo. Wako walionona, waliokula malisho mazuri, kisha yaliyosalia wakayakanyaga. Walikunywa maji safi, kisha yaliyobakia wakayavuruga kwa miguu, na wenzao wakalazimika kunywa tope. Tena wakawasukuma wanyonge kwa mbavu na kwa mabega.

Tazameni vizuri kosa lao ni lipi. Hawakukosa kwa kunywa. Maji yale ni ya kundi lote, nao ni kundi. Walikosa kwa habari ya yale yaliyobakia. Walipokwisha kukata kiu waliona kwamba maji yamekwisha kazi. Kondoo avurugaye maji hana chuki na mwenzake. Hamwoni, kwa sababu yuko nyuma yake.

Tukiyashika maneno hayo mawili, yaani maji yaliyobakia na mwenzako aliye nyuma yako, tutaelewa magomvi mengi ya nyumba zetu. Chukueni mfano wa LUKU. Nyumba ina mita moja, wapangaji sita. Kila chumba chatoa fedha sawa. Lakini chumba cha kwanza kina friji, pasi na feni mbili, na chumba cha sita kina taa moja tu ambayo mama anayeuza vitumbua huizima mapema, aamke saa tisa usiku. Umeme ukikatika kati ya wiki, kila mmoja hukaa kimya gizani akisikiliza nani atatoka kwanza. Atokaye kwanza ndiye mwenye shida, basi ndiye atakayenunua. Tumeona nyumba ambamo watu walikaa usiku mbili gizani, si kwa kukosa fedha, bali kwa kuviziana. Tumeona pia nyumba moja ambamo mwenye friji alisimama siku moja uani, bila kuulizwa, akasema, "Jamani, mimi natumia zaidi, nitakuwa nikitoa mara mbili." Wapangaji wenziwe walishangaa kana kwamba ametangaza ameokota mkufu. Mpaka leo nyumba ile haijasikika ikigombana kwa umeme, ingawa kwa mambo ya kuku wa mtu fulani wanagombana kama kawaida.

Tutoke uani twende bombani. Maji tunywayo Tanga hutoka mto Zigi, ambao huanzia huko juu katika milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani, na kuzuiliwa katika bwawa la Mabayani kabla ya kuletwa mjini. Yamesafiri mbali, yamesafishwa kwa gharama, yafika kwetu. Siku maji yanapotoka kwa shida twapanga madumu. Hili ni jambo jema la watu wetu na twataka kulisifu: dumu tupu la plastiki, au hata jiwe, lasimama mahali pa mtu mzima, na heshima yake ni ile ile. Mama aweza kuacha dumu lake akarudi kugeuza maandazi, naye akute nafasi yake ipo. Hakuna askari. Hakuna tikiti. Ni adabu tu. Basi ndipo aja mtu mwenye madumu manane na mkokoteni, na kwa kuwa afahamiana na mwenye bomba, madumu yake yaingizwa kwa ubavu, kama kondoo wa Ezekieli. Au aja kijana na pikipiki yake, aioshea pale pale, na mafuta yatiririka chini ya miguu ya wanaongoja. Ukimwambia, ajibu, "Kwani bomba ni lako?" Ni swali tulisikialo sana, na lina hila ndani yake, kwa maana kama bomba si langu, si lake pia.

Maji yakishatumika hayapotei. Huingia mtaroni. Mji wetu umejengwa mahali tambarare, maji hayana mteremko wa kuyakimbiza, na kila uchafu unaofagiwa mtaroni hapa hukwama kwa jirani pale. Asubuhi twaona nyua zimefagiwa vizuri, mistari ya fagio yaonekana kwenye mchanga, na takataka zote zimesukumwa zikaangukia mtaroni. Uwanja u safi, dhamiri nayo i safi. Kisha masika yaja mwezi wa tatu, na nyumba iliyo mwisho wa mtaro yaingia maji hadi uvunguni mwa kitanda, na ndani ya maji hayo mna chupa za soda, maganda ya machungwa na nepi za watoto ambao wenye nyumba ile hawakuwazaa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli ile mifuko ya rangi iliyokuwa ikining'inia katika kila kichaka ilipungua sana. Lakini hakuna marufuku iwezayo kumzuia mtu asisukume kwa fagio.

Hapa wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya Halmashauri." Ni kweli, kwa sehemu. Wachungaji wanalo la kujibu, na Ezekieli amewapa mistari kumi na sita ya kwanza yote. Mtaro usiojengwa vizuri hauponi kwa maombi. Lakini mtakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiua watu nchini, Rais John Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru akaamuru siku ile iwe ya usafi, naye mwenyewe akaonekana akizoa taka nje ya Ikulu. Nchi nzima ilishika mafagio. Baadaye ikaagizwa kuwa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi iwe ya usafi. Jumamosi hizo zimetuonyesha jambo moja: wale wale wazibuao mtaro asubuhi, jioni huweza kuonekana wakiutupia. Siku ya usafi yatoka kwa mchungaji. Siku ishirini na tisa nyingine ni za kondoo.

Twaendelea na shimo. Kutoka 21:33–34 ni sheria fupi ambayo wahubiri huiruka, lakini mafundi ujenzi wangepaswa kuijua kwa moyo. Mtu akifunua shimo au akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mtu akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Torati haikuuliza kama alikusudia. Haikuuliza kama alimpenda punda yule au alimchukia. Yauliza tu kama alifunika. Sasa tembeeni mitaa yetu. Mtu achimba karo la choo, fedha zaisha, alifunika kwa bati moja lililooza, miezi yapita. Mwingine amwaga kokoto na mchanga katikati ya njia, kwa kuwa mafundi watakuja "kesho," na wapanda baiskeli wa mji huu, ambao ni wengi kama mjuavyo, waanguka hapo usiku. Siku mtoto wa jirani alipovunjika mkono katika shimo la namna hiyo, mwenye shimo alikuja kutoa pole akiwa na huzuni ya kweli. Akasema, "Haki ya Mungu, sikukusudia." Tulimwamini. Lakini Torati ingalimwambia kwamba hilo halikuwa swali.

Twaona basi kwamba neno "sikukusudia," ambalo ndilo ngao yetu kubwa katika mambo haya, halifai kitu. Mwenye daladala aachaye kijana wa nguvu akae na bibi mwenye fimbo asimame hakukusudia. Mama afunguaye simu yake kwa sauti kubwa ndani ya gari, tukasikia sote habari za mkwewe, hakukusudia. Mwenye bodaboda apitaye kwa kasi kando ya wanafunzi akawamwagia tope, naye hakukusudia. Karibu maovu yote ya njiani hufanywa na watu wasiokusudia.

Kwa nini watu wale wale, wenye adabu nyumbani, wageuke wakiwa njiani? Tumelitafakari hili, na twafikiri jibu limo katika neno "hodi." Mtoto wa pwani hufundishwa hodi kabla hajaweza kulitamka sawasawa. Hata mlango ukiwa wazi, hata ukimwona mwenye nyumba ameketi, hupiti bila hodi, na ukiita mara tatu usiitikiwe, wajirudia. Maana yake ni kwamba hapa pana mwenyewe, nami naomba nafasi. Lakini njia haina mlango. Bomba halina mlango, wala mtaro, wala hewa ya usiku. Kwa hiyo twaingia bila hodi, tukidhani kwamba pasipo na mlango hapana mwenyewe. Kumbe mahali pa wote pana wenyewe wengi kuliko chumba cha mtu mmoja.

Tusieleweke vibaya. Hatutaki Makorora iwe kimya kama makaburini. Mtaa usiosikika ngoma ya harusi wala kelele za watoto ni mtaa mgonjwa. Turubai likifungwa katikati ya njia kwa ajili ya msiba, watu wote huzunguka bila kunung'unika, na waendesha bajaji huzima honi wenyewe. Likifungwa kwa harusi, vilevile watu huvumilia, maana leo kwako, kesho kwangu. Lakini ipo harusi ambayo wenyewe walipita siku tatu kabla, nyumba kwa nyumba, wakisema, "Jumamosi tutawasumbua kidogo, mtuwie radhi, na karibuni pilau." Na ipo harusi ambayo watu waliamka wakakuta gari la mgonjwa haliwezi kutoka. Turubai ni lile lile. Hodi ndiyo iliyokosekana.

Sasa tumefika mahali pagumu, nasi hatuna budi kusema, kwa kuwa haifai somo hili likamtafuta mwenye pikipiki na mwenye friji likatuacha sisi wenyewe.

Mithali 27:14 lamtaja mtu ambariki rafiki yake kwa sauti kuu, alfajiri na mapema, na lasema baraka hiyo itahesabiwa kuwa laana. Tulipokuwa vijana tuliuona mstari huo kuwa wa kuchekesha. Siku hizi hatucheki.

Ilikuwa Ijumaa, kesha la maombi. Vijana waliazima spika mbili kubwa, wakaziweka mlangoni mwa kanisa zikitazama nje, ili, kama tulivyosema wenyewe, Neno liwafikie watu. Hakuna aliyepinga, nasi tuandikao haya tulikuwamo. Tulianza saa tatu usiku. Kiasi cha saa nane tulikuwa katika maombi ya wagonjwa, nayo yalikuwa maombi ya nguvu, mtu mmoja baada ya mwingine akishika kipaza sauti. Tulimaliza saa kumi na moja alfajiri, tukaenda nyumbani tumefurahi.

Nyumba ya tatu kutoka ukuta wa kanisa alikuwako mzee mmoja Mwislamu, ambaye sote tulizoea kumwamkia shikamoo kila tupitapo, akiwa ameketi barazani pake. Kwa wiki mbili hakuonekana barazani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yuko wapi. Jumapili alfajiri alifariki. Tulikwenda mazikoni, kwa kuwa Makorora msiba hauulizi dini, na mjukuu wake alipotupa mkono alisema, bila ukali wowote, kwamba usiku ule wa Ijumaa babu hakupata usingizi hata kidogo, na kila mara alikuwa akiuliza, "Wamebakiza saa ngapi?"

Akina mama wetu walipoingia ndani kumpa pole mjane wake, walimwomba radhi. Bibi yule akawajibu, "Si kitu, wanangu. Mlikuwa mkimwomba Mungu."

Angalitutukana tungalipata pa kujitetea. Tuliwaombea usiku kucha wagonjwa tusiowajua majina, na mgonjwa tuliyemjua jina alikuwa hatua arobaini kutoka kwenye spika zetu, akihesabu saa.

Jambo hilo lilipofikishwa katika Baraza la Parishi, hatukukubaliana wote. Wako waliosema kwamba baa ya jirani hupiga muziki mpaka asubuhi na hakuna anayeiuliza. Wako waliotaja misikiti. Wako waliosema, kwa uchungu wa kweli, kwamba tukianza kupunguza sauti ya sifa kwa kuogopa watu, mwisho tutanyamaza kabisa. Hoja hiyo ya mwisho haikuwa ya kipuuzi, nasi hatukuidharau. Lakini mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama tulipozigeuza spika nje tulikuwa tukimsifu Mungu au tukiwahubiri majirani. Na kama tulikuwa tukiwahubiri, basi tuwaulize walichosikia. Swali hilo halikupata jibu. Kuhusu baa, katibu alikumbusha kwamba chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitolewa kanuni za kelele na mitetemo mwaka 2015, na kwamba maofisa wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira wamezoea kuwaonya wenye baa na wenye nyumba za ibada kwa pamoja, katika tangazo moja. Tulitazamana. Si jambo la kujivunia kuwekwa katika tangazo moja na baa, halafu sisi wenyewe tutumie baa kuwa kipimo chetu.

Ilikatwa hivi: spika zitazame ndani. Baada ya saa nne usiku kipaza sauti kisitumike, tuimbe kwa vifua vyetu, ambavyo Mungu ametupa vya kutosha. Na siku moja kabla ya kesha lolote, wazee wawili wapite nyumba zilizo karibu na kanisa, wapige hodi, waulize kama kuna mgonjwa, au mzazi aliyejifungua, au mwanafunzi mwenye mtihani. Mara ya kwanza walipopita watu waliwashangaa, wakadhani wanachangisha. Mara ya pili nyumba moja iliwaambia kuna mgonjwa, na kesha lile lilifanywa bila chombo chochote. Kijana mmoja wa kwaya alinuna, hajarudi mazoezini hata leo, nasi twamkosa kwa kuwa ana sauti nzuri. Twaendelea kumfuata.

Basi jumuiya zitakapokutana kulisoma somo hili, twaomba zisilisome kwa kuitikia "Amina" na kwenda nyumbani. Wazee kati yenu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, tulivyoketi katika vikundi kuzunguka redio, watu kama milioni mbili nchi nzima. Kipindi kilisikilizwa, kitabu kikasomwa, watu wakajadili, kisha waliondoka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka palepale kijijini mwao. Haikuwa hotuba nzuri iliyochimba vyoo vile, bali kule kuketi pamoja na kusema, "Kwetu sisi shida ni ipi?"

Katekista atawaongoza katika kusoma Ezekieli. Lakini kabla ya siku ya kukutana, kila mmoja wenu amwendee jirani mmoja asiyesali pamoja nasi, si rafiki yake sana, ila yule ambaye huishia kusalimiana naye tu. Apige hodi. Amwulize ni jambo gani letu limsumbualo, la nyumba yake au la kanisa. Asijitetee papo hapo, wala asieleze. Jibu aliletee jumuiya kama lilivyosemwa, pasipo kumtaja msemaji, na katibu aliandike, hata likionekana kuwa la uonevu. Majibu yote yafike kwa Baraza la Parishi kabla ya masika. Na wanaokaa upande wa chini wa mtaro waje na majembe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wanaokaa upande wa juu waje mapema zaidi.